Mwanafunzi wa Thelathini na Moja

Mhadhara kuhusu namna ya kumpima msimamizi wa michezo chuoni, kwa wakuu wa vyuo, wakufunzi, wanafunzi na viongozi wa wilaya za Ngara na Biharamulo



Naomba nianze na hesabu ndogo. Tuseme kikosi cha mpira wa miguu siku ya mechi ni wachezaji 18. Kikosi cha mpira wa pete ni wachezaji 12. Jumla 30. Chuo chenye wanafunzi 300 kikishapeleka vikosi hivyo viwili mashindanoni, hao 30 wanapewa jezi, wanapanda gari na wanapigwa picha. Mimi leo nimekuja kumzungumzia mwanafunzi wa 31, pamoja na wenzake 269 waliosimama nyuma yake. Jumatano saa kumi alasiri yuko wapi? Anafanya nini? Nani chuoni anajua kama anapenda kukimbia, kurusha mkuki au kudaka mpira?

Hoja yangu ni hiyo moja: msimamizi wa michezo apimwe kwa mwanafunzi wa 31 kwanza, kikombe kifuate baadaye. Nitaeleza kwa nini, kisha nitaeleza namna.

Kabati na kiroba

Miaka kadhaa iliyopita nilitembelea chuo kimoja cha huku kwetu. Nilikaribishwa ofisini vizuri sana. Nyuma ya kiti cha mkuu palikuwa na kabati la vioo, na ndani yake vikombe saba vimepangwa kwa urefu, kila kimoja kimefungwa utepe. Nikaambiwa kwamba mwalimu wa michezo aliyevileta alipewa cheti cha mfanyakazi bora siku ya Mei Mosi. Nilimpongeza kwa moyo wote, maana kushinda kunataka jasho.

Jioni niliomba kuona vifaa. Aliyeshika ufunguo wa stoo alikuwa amesafiri, tukasubiri mpaka ukapatikana wa akiba. Ndani mlikuwa na kiroba cha unga kilichogeuzwa mfuko wa mipira. Mipira ilikuwa miwili. Mmoja umefumuka mshono. Wa pili mzima, lakini hauna upepo, na sindano ya pampu imepotea. Jezi zilikuwa seti moja, nzuri, bado zimo kwenye nailoni, zikingoja mashindano. Tulipotoka nje tukakuta vijana kumi na mmoja wakicheza chandimu kwa mpira wa makaratasi uliofungwa kamba. Walitumia nusu moja ya uwanja, kwa sababu nusu ya pili nyasi zilifika magotini. Wasichana walikuwa wameketi kwenye ngazi za bweni wakiwatazama. Nikawauliza kwa nini hawachezi. Mmoja akanijibu kwa adabu: "Sisi hatumo kwenye timu, mwalimu."

Jibu hilo sijalisahau. Vikombe vile saba vilikuwa halali kabisa, na walioviletea chuo walistahili pongezi. Ila vilikuwa vya watu 30. Chuo kilimtunza mwalimu kwa kazi aliyoifanya mbele ya wageni, na hakikuwahi kumuuliza kuhusu kazi ambayo haikufanyika nyumbani.

Tunayempima ni nani?

Tukitaja mkurugenzi wa michezo wa chuo, Wamarekani wana maana yao. Kule ni ajira kamili yenye ofisi, makocha chini yake na bajeti kubwa. Kwetu, mara nyingi ni mkufunzi wa somo jingine aliyeitwa ofisini siku moja akaambiwa: "Wewe bado kijana, utashika michezo." Anafundisha vipindi vyake, anasahihisha mitihani, na saa kumi anatafuta filimbi. Katika chuo cha afya kama kile cha uuguzi pale Murgwanza, Ngara, kazi inakuwa ngumu zaidi kwa asili ya masomo yenyewe, kwa kuwa wanafunzi wa uuguzi wana zamu za wodini na ratiba ya jioni ya mmoja si ratiba ya mwenzake. Katika chuo cha maendeleo ya wananchi kama Rubondo, Biharamulo, wapo wanafunzi wenye watoto wadogo. Kipimo kisichoyajua mambo haya hakitatenda haki.

Nchi hii haikosi misingi. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1967. Sera ya Maendeleo ya Michezo tunayo tangu 1995. Chuo cha Maendeleo ya Michezo kipo Malya, wilayani Kwimba. Vijana wanaoingia vyuoni wamepitia UMITASHUMTA wakiwa shule za msingi na UMISSETA wakiwa sekondari. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo hiyo ya shule ilisimamishwa, ikaja kurudishwa baada ya miaka kadhaa, na wazee wa michezo mpaka leo husikitikia kizazi kilichopita shuleni bila kupiga mpira wa mashindano. Funzo la kipindi kile ni kwamba michezo huondoka kwa urahisi pale ambapo hakuna anayeweza kuonyesha faida yake kwa wengi. Ukijenga utetezi wako juu ya vikombe peke yake, siku vikombe vikikosekana, fungu nalo linaondoka.

Wenzetu wanapimaje?

Naomba tuvuke bahari kidogo, maana kuna Mtanzania aliyepita katika mfumo wa Wamarekani. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita mkoani Mara, alisoma Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso. Alikuwa bingwa wa vyuo vikuu vya Marekani katika mita 10,000 miaka minne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, na katikati ya miaka hiyo akatwaa medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow, mwaka 1980. Chuo kilimpa uwanja, kocha na darasa. Huo ndio uwezo wa idara ya michezo iliyosimama sawasawa.

Wakurugenzi wa michezo wa kule hupimwa kwa vipimo vingi, nami nitataja vitatu. Kipo kikombe cha wakurugenzi, kilichoanzishwa msimu wa 1993–94, ambacho hujumlisha alama za chuo katika michezo yote, ya wanaume na ya wanawake. Chuo Kikuu cha Stanford kilikitwaa mara 25 mfululizo. Kumbe hata kikombe kinachohesabu michezo yote huelekea kwa mwenye nacho: chuo chenye mabwawa, viwanja na makocha wa kila mchezo kina nafasi ya kushinda ambayo chuo maskini hakina, hata mkurugenzi wake akikesha.

Kipimo cha pili ni maendeleo ya wachezaji darasani, kinachotolewa kwa alama hadi 1,000. Timu ikishuka chini ya 930 inaweza kuzuiwa kucheza hatua za mwisho za ubingwa. Hapo wenzetu wamesema jambo la maana sana, kwamba mchezaji wa chuo ni mwanafunzi kwanza.

Kipimo cha tatu ni sheria ya mwaka 1972 inayokataza ubaguzi wa jinsia katika elimu. Kabla yake, wasichana waliocheza michezo katika shule za sekondari za Marekani hawakufika 300,000. Leo wanazidi milioni 3. Idadi hiyo haikuletwa na kikombe chochote. Imetokana na mkurugenzi kulazimika kujibu swali moja: wasichana wako wanacheza wapi?

Mabilioni yao hatuna, na wala hatuyahitaji ili kuuliza maswali hayo mawili ya mwisho.

Vipimo vyetu

Sasa nije kwenye vipimo ninavyopendekeza kwa vyuo vya Ngara na Biharamulo.

Kwanza tuulize: alianzia wapi? Siku mkufunzi anapokabidhiwa michezo, iandikwe karatasi moja ya makabidhiano: mipira mingapi na mizima mingapi, nyavu zipo au hazipo, viwanja vingapi vinachezeka, deni kiasi gani dukani. Aliyekuta mipira miwili akaacha sita amefanya kazi kubwa kuliko aliyekuta kumi na miwili akaacha minane, hata kama huyu wa pili ana minane na yule ana sita. Bila karatasi hiyo ya mwanzo, kila tathmini inayofuata ni kupiga ramli.

Pili, na hiki ndicho kiini cha mhadhara huu, tuulize: wangapi walicheza siku ya kawaida? Sisemi siku ya bonanza, wala siku mgeni rasmi amekuja. Nasema Jumatano isiyo na jina. Yupo mkufunzi mmoja ninayemfahamu, ambaye chuo chake hakijawahi kuleta kikombe, na yeye ana daftari la mistari aina ya kaunta buku. Kila jioni ya michezo anaandika tarehe, mchezo, na majina ya waliokuja. Pembeni ana safu nyembamba aliyoiita "wapya." Kila jina linaloonekana kwa mara ya kwanza analitia alama ya vema kwa kalamu nyekundu. Nilipolifunua daftari lile nilikuta katika wiki za mwanzo wa muhula alama nyekundu ni nyingi, kisha zinapungua, kisha katikati ya muhula zinafufuka ghafla. Nikamuuliza kulikoni. Akasema: "Hapo nilianzisha mashindano ya mabweni, nikaweka na kuvuta kamba. Walioogopa mpira walikuja kuvuta kamba. Nikawaambia, sasa mmeshavaa raba, bakini."

Hiyo ndiyo kazi ya msimamizi wa michezo. Ameona kundi lililobaki nje, akatafuta mlango unaolitosha. Na tuseme ukweli, mlango mwingine uko wazi mbele yetu: mbio. Jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka wa Kabanga, Warundi, walipata dhahabu ya Olimpiki kwa miguu ya Vénuste Niyongabo katika mita 5,000, Atlanta, mwaka 1996. Francine Niyonsaba akaleta fedha ya mita 800 kutoka Rio mwaka 2016. Vilima vya Ngara na vilima vya Burundi ni vilima vya safu moja. Kukimbia hakuhitaji wavu, goli wala pampu. Chuo kinachosema hakina michezo kwa sababu hakina mipira, na huku kina barabara ya vumbi inayopanda kilima mbele ya lango lake, hakijafikiri vya kutosha.

Tatu tuulize: wasichana na akina mama wanacheza? Mwaka 2022 timu yetu ya wasichana walio chini ya miaka 17, Serengeti Girls, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini India. Baada ya hapo hakuna mtu anayeweza kusimama mbele yetu na kusema mpira si wa mabinti wa Kitanzania. Na vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975 kwa kuiga mfano wa Sweden, vimeonyesha njia. Kupitia vyuo 54 vya Serikali vya aina hiyo, shirika la Karibu Tanzania limeendesha mpango wa Elimu Haina Mwisho, unaowarudisha masomoni wasichana waliokatishwa shule, wengi wao wakiwa tayari ni mama, na mpango wa Mpira Fursa, unaowaingiza wasichana katika soka.

Hapa ndipo kipimo kinapotakiwa kukaribia ardhini. Mama wa miaka 19 anayesomea ushonaji anataka kucheza mpira wa pete. Mtoto wake ana miezi kumi. Saa kumi alasiri mtoto yuko mgongoni. Akimweka chini kando ya uwanja, atatambaa mpaka kwenye mstari wa kati. Msimamizi aliyesema tu "wasichana wote wanakaribishwa" hajamsaidia kitu. Msimamizi aliyekwenda kuzungumza na mlezi wa kituo cha watoto ili kifungwe saa kumi na mbili badala ya saa kumi, au aliyepanga wachezaji wapokezane kumbeba mtoto huku timu nyingine ikicheza, huyo amefanya kazi. Kwenye fomu ya tathmini, jambo hilo linastahili alama nyingi kuliko ushindi wa mabao matatu kwa bila. Vivyo hivyo kwa mwanafunzi mwenye ulemavu, anayeombwa kila mwaka "atunze muda" wakati upo mchezo unaomfaa, kama ulivyo mpira wa goli kwa wasioona.

Nne tuulize kuhusu masomo na usalama. Hapa sitakaa sana, kwa kuwa hakuna wa kubisha. Matokeo ya wachezaji yalinganishwe na ya wenzao darasani kila muhula, na mchezaji anayeporomoka apumzishwe. Safari iwe na patroni na matroni wote wawili, na sehemu ya kulala wasichana ikaguliwe kabla gari halijaondoka. Tuchukue mfano wa shule: mashindano yao ya taifa yamefanyika Mtwara mwaka 2019 na 2021. Mtoto wa Kabanga akienda huko anavuka nchi kutoka mpaka wa Burundi hadi Bahari ya Hindi, na ni mtoto wa mtu. Msimamizi aliyerudi na kombe lakini akamrudisha binti mmoja akiwa na siri ya kumtia huzuni maisha yake yote, ameshindwa. Sina kipimo kingine cha kuliokoa kombe hilo.

Tano tuulize: akihamishwa kesho, kitabaki nini? Sote tunaijua barua ya uhamisho. Huja wakati wowote, na mkufunzi hufunga virago akaenda. Katika vyuo vingi michezo hupanda naye basi kuelekea Nyakanazi, na kuanzia hapo haionekani tena. Kwa hiyo tumpime kwa watu aliowaandaa. Je, waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi anaweza kuendesha ligi ya mabweni bila yeye kuwepo? Wapo wanafunzi wangapi wanaojua kuchezesha mechi kwa sheria, kushona mpira, kupima na kuchora mistari ya uwanja? Wapo wanaokwenda shule ya msingi ya jirani kufundisha watoto? Mwanafunzi wa 31 huenda asiwe mchezaji hata siku moja, lakini anaweza kuwa mwamuzi, mtunza vifaa au kocha wa watoto. Akitoka chuoni akapangiwa kazi Rulenge au Lusahunga, anakwenda na filimbi yake, na kijiji kinapata mtu wa michezo.

Yasiyo yake

Nikishasema hayo, lazima nimtetee. Usimpime mtu kwa fungu usilompa. Mkufunzi aliyeomba nauli ya mashindano kwa barua miezi miwili kabla na hakujibiwa, asiandikwe kwamba "hakushiriki mashindano." Iandikwe kwamba aliomba na hakupewa, na tarehe ya barua itajwe. Mvua za masika zikiufanya uwanja kuwa tope, na chuo kimekataa kuchimba mtaro, kosa hilo ni la chuo. Na ikiwa amepewa vipindi 24 kwa wiki kama wakufunzi wengine, na juu yake michezo yote ya chuo, basi kabla ya kumpima tumpunguzie vipindi. Uadilifu wa kipimo unaanzia kwa anayepima.

Fedha ndogo anazopewa zina kipimo chake rahisi: daftari la mapato na matumizi lenye risiti, likisomwa mbele ya wanafunzi kila mwisho wa muhula. Shilingi 50,000 zilizoelezwa vizuri hujenga imani ambayo milioni isiyoelezwa huibomoa.

Nani apime?

Watumishi wa umma tumeishi na OPRAS, mfumo wa kupima utendaji kazi, tangu 2004, na sasa tuna PEPMIS, ambapo mtumishi anaingiza malengo na majukumu yake kwenye mfumo na msimamizi wake anayathibitisha. Mfumo huo hauna ubaya wowote kwa kazi hii. Tatizo ni lengo tunaloliandika. Tukiandika "kushiriki mashindano mawili," mfumo utatupa mashindano mawili. Tukiandika "asilimia 60 ya wanafunzi wacheze angalau mara moja kwa wiki, nusu yao wakiwa wasichana," mfumo huohuo utatudai daftari lenye alama nyekundu. Mfumo hupima kile ulichoandikiwa.

Lakini mkuu wa chuo asiwe mpimaji peke yake. Wanafunzi waulizwe kwa karatasi isiyo na jina, na waulizwe hasa wale ambao hawamo kwenye timu. Walimu wa shule za jirani waulizwe kama chuo kimewahi kuwasogelea. Na msimamizi mwenyewe apewe nafasi ya kusema amejifunza nini na kimemshinda nini. Kukiri kilichomshinda kusimpunguzie alama, kwa sababu anayeficha tatizo hataweza kulitatua.

Najua mtaniuliza: je, tuache kushinda? Hapana. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na mimi nataka vyuo vyetu vishinde, na matokeo yasomwe Radio Kwizera, ambayo imesikika kutoka Ngara tangu 1995, wazazi wasikie na wajivune. Ila kikombe kije kama zao la shamba kubwa. Chuo ambacho wanafunzi 200 wanacheza kila wiki kitapata wachezaji 18 bora kuliko chuo ambacho 18 hao ndio wote. Hata anayetaka vikombe peke yake, njia yake ya uhakika ni huyu mwanafunzi wa 31.

Wakuu wa vyuo, nawaomba jambo moja tu, na halihitaji kikao wala fungu. Jumatano ijayo, saa kumi alasiri, ziacheni ofisi zenu. Msimwambie mtu kwamba mnakuja. Simameni kando ya uwanja wa chuo chenu mkiwa na kalamu na karatasi, muwahesabu wanaocheza. Kisha geukeni nyuma, muwahesabu walioketi kwenye ngazi za mabweni. Andikeni namba zote mbili na tarehe. Karatasi hiyo ndiyo tathmini yenu ya kwanza ya msimamizi wa michezo, na ni tathmini yenu pia.